Shamba na Vyote Vilivyomo: Uhakiki wa Istilahi za Ardhi na Madini

Mtu anunuapo shamba katika kijiji cha Geita, Bukombe, Mbogwe au Kahama, mara nyingi huandikiwa hati ya mauziano kwa mkono, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili na kiongozi wa kitongoji au wa kijiji. Hati hiyo hutaja majina ya muuzaji na mnunuzi, bei, na mipaka: mashariki kwa fulani, magharibi kwa fulani, kusini njia ya ng'ombe. Kisha huja maneno ambayo yeyote aliyepata kusoma hati za namna hii anayafahamu, kwamba shamba limeuzwa "pamoja na vyote vilivyomo". Mnunuzi huikunja karatasi yake akaihifadhi. Ikitokea baadaye akaja mtu mwingine mwenye leseni ya kutafuta au kuchimba dhahabu mahali pale pale, mnunuzi huitoa karatasi hiyo akayasoma maneno yale kwa sauti. Hapo ndipo anapoambiwa kuwa maneno hayo hayakumpa dhahabu, wala hayakuweza kumpa, kwa sababu muuzaji mwenyewe hakuwa nayo.

Makala haya hayakusudii kufundisha sheria. Kazi hiyo ina wenyewe. Tunalokusudia ni kuonyesha kwamba sehemu moja ya mgogoro huo hutokana na lugha, na kwamba katika sehemu hiyo sisi watunga istilahi na wafasiri hatuwezi kujivua lawama. Tumeruhusu maneno matatu au manne yatumike kwa wepesi mno: haki ya madini, mmiliki wa ardhi, uso wa ardhi, na hili neno dogo vilivyomo. Kila moja linaahidi ama zaidi ama pungufu ya kile ambacho sheria inatoa. Mwananchi anayelitegemea neno la namna hiyo ni sawa na mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

1. Msingi wa jambo lenyewe

Kabla ya kulihakiki neno hatuna budi kukifahamu kitu kinachotajwa. Katika Tanzania Bara ardhi yote ni ya umma, nayo imewekwa mikononi mwa Rais awe mdhamini wake kwa niaba ya wananchi wote. Msingi huo umo katika Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote mbili za mwaka 1999, lakini mizizi yake ni ya zamani zaidi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, iliyotungwa chini ya utawala wa Waingereza, ndiyo iliyojenga utaratibu wa mtu kupewa haki ya kuikalia ardhi badala ya ardhi yenyewe. Mwaka 1963, baada ya Uhuru, hati za umilikaji wa daima zilizokuwa zimesalia zilifutwa zikageuzwa kuwa za muda. Kwa hiyo anunuaye shamba hanunui udongo. Hununua haki ya kuukalia na kuutumia udongo huo kwa masharti.

Mambo ya madini yamo katika sheria nyingine. Kwa mujibu wa Sheria ya Madini Na. 14 ya mwaka 2010, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2017, madini yote yaliyo juu ya ardhi, ndani yake au chini yake ni mali ya Jamhuri ya Muungano, chini ya udhamini wa Rais kwa niaba ya wananchi. Sheria zilizoitangulia, ya mwaka 1979 na ya mwaka 1998, zilikuwa na msimamo huo huo wa kuyaweka madini mikononi mwa Taifa. Tena Sheria ya Ardhi yenyewe, inapofasili neno ardhi, huingiza humo uso wa nchi, udongo ulio chini ya uso huo, mimea iotayo yenyewe na majengo ya kudumu, pamoja na vitu vingine vyote, isipokuwa madini na mafuta ya petroli. Maneno hayo machache, "isipokuwa madini", ndiyo yanayokosekana katika hati za vijijini.

Lakini isidhaniwe kuwa mwenye shamba hubaki mikono mitupu. Mwenye leseni haruhusiwi kufanya kazi yake ndani ya mita 200 kutoka kwenye nyumba inayokaliwa, wala ndani ya mita 50 kutoka kwenye ardhi iliyolimwa au yenye mazao, bila ridhaa ya maandishi ya yule anayeikalia ardhi hiyo kihalali. Mkaaji huyo huruhusiwa kuendelea kulima na kuchunga mahali ambapo shughuli zake hazizuii uchimbaji, na mali yake ikiharibiwa anastahili fidia. Tofauti iliyopo ni kwamba fidia hiyo hukadiriwa kwa ardhi, nyumba, miti, mazao na usumbufu. Haikadiriwi kwa dhahabu.

2. "Haki ya madini"

Istilahi hii ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu inafanana kabisa na usemi wa kigeni uliozaa tafsiri yake, na mfasiri akiona mfanano wa namna hiyo huwa mwepesi wa kuridhika. Ukweli ni kwamba usemi huo wa Kiingereza una maana mbili zisizopatana.

Nchini Marekani, katika sehemu nyingi, mwenye shamba la binafsi anaweza pia kuwa mwenye makaa, mafuta au dhahabu iliyo chini yake. Anaweza kuliuza shamba akabakiza madini, au kuyauza madini akabakiza shamba, hata watu wawili wakawa na mali mbili mahali pamoja, mmoja juu na mwingine chini. Ndiyo sababu mnunuzi wa shamba huko huuliza mapema kama madini yamo katika mauzo au yalikwisha kutengwa na wamiliki waliotangulia. Kwao usemi huo hutaja mali, yaani kitu kinachorithiwa, kinachogawanywa na kuuzwa.

Katika sheria ya Tanzania usemi huo huo hutaja leseni: ya utafutaji, ya uchimbaji mkubwa, wa kati, au uchimbaji mdogo, ambao umehifadhiwa kwa ajili ya Watanzania. Leseni huombwa, hulipiwa, huwekewa muda na masharti, na huweza kufutwa. Aliye nayo hana mali ya madini yaliyo chini. Ana ruhusa ya kuyatafuta au kuyatoa, na akishayatoa hulilipa Taifa mrabaha. Basi mfasiri anayetafsiri maandishi ya Marekani na yule anayetafsiri sheria ya nchi yetu, wote wawili wakiandika "haki ya madini", wametumia jina moja kwa vitu viwili tofauti, na msomaji wao hana njia ya kujua.

Upungufu wa pili umo katika neno haki lenyewe. Katika Kiswahili haki ni kile ambacho mtu anastahili hata kabla hajapewa. Twasema haki ya mtoto, haki ya mjane, haki ya jirani. Mtu hapewi haki kwa hisani wala haiombi kwa fomu. Anaidai. Mkulima wa Nyarugusu akisikia kuwa kuna kitu kiitwacho haki ya madini, na kwamba kitu hicho kiko katika shamba alilorithi kwa babu yake, atafikiri nini kama si kwamba haki hiyo ni yake, na kwamba aliyekuja na karatasi kutoka mjini amemdhulumu? Mkulima huyo hakukosea Kiswahili. Amekielewa vizuri kuliko sisi tuliompelekea neno hilo.

3. "Mmiliki wa ardhi"

Neno milki, pamoja na watoto wake miliki, mmiliki, umilikaji na hatimiliki, lina asili ya Kiarabu na maana yake ni nzito. Katika Kiswahili cha zamani milki ni hata nchi iliyo chini ya mfalme. Ammilikiye kitu anakitawala apendavyo. Sasa tazama yaliyotokea. Sheria ya mwaka 1923, na zile za mwaka 1999 baada yake, zilichagua kwa makusudi neno la Kiingereza lenye maana ya kukalia, ili ifahamike kuwa mtu hakupewa ardhi. Kiswahili kikaandika haki ya kumiliki ardhi. Lugha ya sheria ilikuwa bahili, tafsiri ikawa karimu.

Hatusemi kwamba hatimiliki ifutwe. Neno lililokwisha kukaa vinywani mwa watu, mabenki na mahakama haliondolewi kwa waraka. Hatimiliki ya kimila nayo imeingia vijijini, na wananchi wanaipokea kama ngao ya mashamba yao. Tunasema tu kwamba ukarimu huo una gharama yake, na gharama hulipwa pale neno mmiliki linapotumiwa mahali pasipo pake.

Mahali pamoja pa namna hiyo ni katika kutaja yule ambaye ridhaa yake inatakiwa kabla ya mwenye leseni kuingia shambani. Sheria haimtaji mmiliki. Inamtaja anayeikalia ardhi kihalali. Mfasiri akiandika "mmiliki halali", amemwondoa mtu aliyekodi shamba kwa msimu, amemwondoa mjane anayelima shamba ambalo jina la karatasini ni la marehemu mumewe, amemwondoa kijana aliyepewa sehemu na baba yake bila maandishi. Watu hao ndio wanaoamka alfajiri wakakuta vigingi vimesimikwa katikati ya mihogo yao. Neno moja lililotafsiriwa kwa wepesi linaweza kuwanyima haki ya kuulizwa. Mkaaji halali lingefaa zaidi. Wengine watasema mkaaji ni mtu anayelala hapo, na shamba halilalwi. Pingamizi hilo lina uzito, na kwa sababu hiyo tunapendelea mkaliaji halali, neno lenye sura ngeni kidogo lakini lisilomfukuza yeyote.

4. "Uso wa ardhi" na "vilivyomo"

Maneno haya mawili tunayaweka pamoja kwa kuwa yanakosea kwa njia zinazopingana: moja lina kina kifupi mno, jingine kina kirefu mno.

Katika kueleza tofauti baina ya haki ya mkulima na haki ya mchimbaji, waandishi wengi husema mkulima ana haki ya uso wa ardhi. Uso ni ngozi ya nje. Lakini msingi wa nyumba hauko usoni, wala shimo la choo, wala mizizi ya mwembe, wala kaburi la mzee aliyezikwa uani. Tumekwisha kuona kuwa ardhi, kwa maana ya sheria, inashuka chini ya uso. Inachoacha ni madini na mafuta tu. Anayemwambia mwananchi kuwa haki yake ni uso amemkata zaidi ya sheria inavyomkata, na siku ya kukadiria fidia mwananchi huyo anaweza kuliamini neno hilo akaacha kudai alichostahili.

Kuhusu vilivyomo, jambo lenyewe ni la sarufi. Kiswahili kina viambishi vitatu vya mahali, -po, -ko na -mo, na hiki cha mwisho huonyesha undani. Lakini undani wa kitu gani? Tukisema mahindi yamo shambani, hatuna maana kuwa yamefukiwa. Tuna maana kuwa yamo ndani ya mipaka ya shamba. Undani huo ni wa upana. Tukisema maji yamo kisimani, undani ni wa kwenda chini. Kiambishi ni kimoja, mielekeo ni miwili. Muuzaji anaposema "shamba na vyote vilivyomo" anafikiria miembe, mihogo, nyumba ya udongo na zizi, vilivyo ndani ya mipaka. Mnunuzi aliyekulia karibu na machimbo anasikia kilicho chini. Wote wawili ni wasemaji hodari wa lugha moja, na hakuna aliyesema uongo. Hata hivyo wameachana na mafahamiano mawili katika karatasi moja, na sheria haikubaliani na fahamu ya mnunuzi.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawalitarajii. Kwa mujibu wa Sheria ya Madini, mawe, kokoto na mchanga wa kujengea navyo huhesabiwa katika madini, na Wizara huyaita madini ujenzi. Katika usemi wa kila siku madini ni dhahabu, almasi na mawe ya thamani. Hakuna mkulima wa Shinyanga ambaye akipakia mchanga wa mtoni katika lori husema amepakia madini. Hapa istilahi imepanuka na lugha ya watu haikupanuka nayo, na ni wajibu wa anayeandika hati au tangazo kulitaja jambo hilo waziwazi.

5. Lugha ya machimboni

Ingekuwa si haki kuilaumu lugha ya ofisi bila kuitazama ile ya machimboni kwenyewe. Dhahabu haikuanza jana katika nchi hii ya kusini mwa Ziwa Victoria. Mgodi wa Geita wa zama za ukoloni ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, katika eneo la Kahama, mwaka 2001. Katikati ya vipindi hivyo, na hadi leo, wachimbaji wa Nyarugusu, Lwamgasa na Mgusu wamejijengea msamiati wao. Wao hutofautisha mgodi, ambao ni wa kampuni, na machimbo, ambayo ni yao. Shimo lao huliita duara, mashine ya kusagia mawe ni karasha, na mchanga uliokwisha kuoshwa mara ya kwanza, ambao bado una dhahabu, ni marudio.

Lenye faida zaidi kwetu ni namna wanavyowataja watu. Machimboni yuko mwenye shamba, yuko mwenye leseni, yuko mwenye duara, na wako wachimbaji wanaoshuka chini. Mawe yakipanda juu hugawanywa kwa mifuko, na kila mmoja huchukua fungu lake kwa mapatano yao. Hakuna anayeitwa mmiliki kwa neno tupu. Neno mwenye halikubali kusimama peke yake. Lazima lifuatwe na kitu, na kitu hicho ndicho kinachoonyesha mpaka wa haki ya mtu. Mwenye shamba si mwenye leseni, na mwenye leseni si mwenye duara. Ugawaji huo wa haki, ambao wanasheria hutumia kurasa nyingi kuufafanua, umekwisha kufanywa kwa neno la kale la Kibantu, na waliolitumia hawakumwuliza mtu.

Kinyume chake tazama istilahi ya ofisi, mchimbaji mdogo. Mdogo ni nani: mtu, au uchimbaji wake? Sheria ilikusudia uchimbaji. Lakini Kiswahili humpa sifa mtu anayetajwa, na hivyo mzee wa miaka 60 mwenye wajukuu anaitwa mdogo katika mikutano ya hadhara. Mwenye leseni ya uchimbaji mdogo ni usemi mrefu, lakini unaweka udogo mahali pake.

Wala wasomaji wasidhani kuwa istilahi nzuri haziwezi kuwafikia watu. Mwaka 2017, Serikali ilipozuia usafirishaji wa mchanga wenye dhahabu kwenda nje, neno makinikia lilitoka katika ripoti za wataalamu likafika sokoni na ndani ya mabasi kwa muda wa majuma machache. Hakuna semina iliyolifundisha. Wananchi walilichukua kwa sababu walielewa kuwa linahusu mali yao. Neno linalogusa mali ya mtu hujifunzwa upesi, na kwa sababu hiyo hiyo likiwa na kosa, kosa nalo huenea upesi.

6. Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo, tunapendekeza mambo yafuatayo yajadiliwe:

(a) Maandishi yanayohusu sheria ya Tanzania yaseme haki ya leseni ya madini, na yale yanayohusu nchi ambako mtu binafsi huweza kuwa na madini yaliyo chini ya shamba lake yaseme miliki ya madini. Maneno mawili, ya leseni, ni mzigo mdogo kuliko kesi ya miaka kumi.

(b) Anayetakiwa kutoa ridhaa aitwe mkaliaji halali. Neno mmiliki litumike tu pale sheria inapotaja hati.

(c) Uso wa ardhi uachwe kwa wanajiografia. Katika mambo ya haki tuseme ardhi bila madini, kwa kuwa ndivyo sheria inavyofasili.

(d) Katika hati za mauziano, "vyote vilivyomo" paandikwe: "pamoja na nyumba, miti na mazao yaliyomo ndani ya mipaka hii. Madini si sehemu ya mauzo haya." Maafisa watendaji wa vijiji wanaweza kuanza kuyatumia maneno haya bila kungoja fomu mpya.

(e) Wakusanyaji wa istilahi za madini waanzie machimboni, na neno mwenye lipewe nafasi yake katika lugha ya sheria.

Watakuwapo watakaosema kuwa haya ni mambo madogo, kwamba hakimu anajua sheria hata kama karatasi imekosea. Ni kweli kwamba hakimu anajua. Lakini hakimu hufikiwa baada ya ng'ombe kuuzwa ili shamba linunuliwe. Isitoshe, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu na ya mahakama. Zamani neno la Kiswahili lililolegea liliweza kuegemezwa kwenye maandishi ya Kiingereza yaliyokuwa nyuma yake. Sasa maandishi ya Kiswahili yanapaswa kujitegemea, na ulegevu tuliouvumilia kwa miaka mingi utasomwa kama sheria yenyewe.

Tunawaomba wafasiri walioko wizarani na katika halmashauri watuletee hati, fomu na matangazo yanayotumia maneno tuliyoyahakiki, tupate kuyalinganisha. Walimu wanaweza kulifanya suala la -po, -ko na -mo kuwa zoezi la darasani, na kuwauliza wanafunzi ni nini hasa kilichouzwa katika shamba lililouzwa na vyote vilivyomo. Baadhi ya wanafunzi hao wanatoka katika nyumba zenye karatasi ya namna hiyo ndani ya sanduku, na huenda jioni wakaomba kuisoma.